Ni Mzigo Gani Uliovunja Springi?



Wakati wa mavuno yaliyopita, Land Rover kuukuu inayotuletea mahindi na sabuni kutoka mjini ilikwama karibu na kisima. Springi ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imekatika. Siku hiyo gari halikubeba mzigo mkubwa: magunia matatu ya maharagwe, madumu manne ya mafuta ya kula na abiria wawili. Siku nyingi hubeba mara tatu ya hapo. Mwenye gari, mfanyabiashara wa kijiji jirani, alikuja amekasirika. Akamwambia kijana aliyekuwa akiendesha, "Wewe umevunja springi, wewe utalipa." Wengi waliosimama pale waliona ni haki. Gari lilikuwa mikononi mwa nani?

Kwa kijana yule, bei ya springi ni mshahara wa miezi kadhaa, na nyumbani ana mama na wadogo zake wanne. Kwa hiyo swali halikuwa la mchezo. Naomba tulitafakari pamoja: je, aliyeshika kitu kinapovunjika ndiye aliyekivunja?

Kwanza tuielewe springi yenyewe. Gari lile ni la aina ya Series III, ambayo Waingereza walianza kuitengeneza mwaka 1971 na kuiacha mwaka 1985. Springi yake ni bapa za chuma zilizopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya nyingine. Bapa ndefu kabisa iko juu, na masikio yake mawili hushikwa na bushi. Chini yake kila bapa ni fupi kuliko iliyo juu yake. Bolti moja ya katikati huzifunga pamoja, na yubolti huzikaza kwenye ekseli. Hakuna bapa inayobeba peke yake. Moja ikikatika, nyingine huchukua sehemu yake ya mzigo, na gari huendelea na safari likiwa limeinama kidogo.

Fundi aliyeitwa ni mzee jirani yangu, nami nilikwenda kumshikia taa. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua gari kwa jeki, kisha akaegemeza chesisi juu ya magogo mazito, maana anayelala chini ya gari haamini jeki peke yake. Akafungua shokapu. Akazipaka oili nati za yubolti zilizoshikwa na kutu, akasubiri. Bolti ya bushi ilikataa kabisa kutoka, ikabidi ikatwe kwa msumeno.

Springi ilipotoka, alifuta matope mahali ilipokatika, akamwita mwenye gari. "Bosi, sogea uangalie." Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi, imejaa kutu. Ukingo mdogo tu, kama upana wa kidole, ndio uliokuwa unang'aa. "Hapa penye kutu pamekatika zamani, maji ya mvua yameingia humo. Hapa panapong'aa ndipo palipokatika leo. Kijana huyu amekata hapa tu." Kisha akatenganisha bapa za chini. Mbili zilikuwa zimekatika kitambo, na hakuna aliyejua.

Wataalamu huita jambo hilo uchovu wa chuma. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya injini ya treni iliyotoka Versailles kwenda Paris, Ufaransa, ilikatika. Treni ikaanguka na kushika moto, watu wengi wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler, aliyefanya kazi katika reli za Prussia, alizifanyia ekseli majaribio kwa miaka mingi. Akaonyesha kwamba chuma huweza kukatwa na mzigo mdogo kuliko ule unaoweza kukivunja mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Akaonyesha pia kwamba mzigo ukipunguzwa vya kutosha, chuma huvumilia safari nyingi mno bila kukatika. Ufa huanzia mahali padogo: tundu la bolti, mkwaruzo, doa la kutu. Kila shimo la barabarani huusukuma mbele kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tutazame nyumba zetu. Yuko mama aliyevuka mpaka kwa miguu, akazika mtoto njiani, akajenga nyumba ya udongo kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemwona akilia. Siku moja dumu lake la maji linapinduka kwenye foleni, naye anakaa chini na kulia mpaka jioni. Sisi tunaulizana, "Kwa dumu la maji tu?" Tumeona ukingo unaong'aa. Ile sehemu nyeusi hatukuitazama.

Mwingine atasema, "Mbona mimi nilipita njia hiyo hiyo na sikuvunjika?" Ndugu yangu, hata waliotengeneza magari hayo walijua kwamba uzito hauangukii pande zote sawasawa, kwa baadhi ya Land Rover hizo, springi ya upande wa dereva ilitofautiana na ya upande wa abiria. Na bapa mbili zikitoka kiwanda kimoja siku moja, huenda moja ikapata doa la kutu na nyingine isipate. Wazee walisema, mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Usiupime kwa bega lako.

Lakini hapa kuna hatari. Ikiwa kila safari ilichangia, basi hakuna mwenye hatia? Mara nyingi mtu anayesema "tulikosa sote" anatafuta mlango wa kutokea. Fundi hakuuacha mlango huo wazi. Alimgeukia kijana, "Mwanangu, hukuona gari limeinama?" Kijana akajibu kwa sauti ndogo, "Niliona, Mzee. Tangu kabla ya mvua." Kwa nini basi hakusema? Akaeleza kwamba dereva aliyemtangulia alilalamika kuhusu breki, akaachishwa kazi. Mwenye gari alitazama chini, hakujibu neno.

Nadhani hatia ilikuwa hapo, nayo ilikuwa ya namna tatu. Yuko aliyepakia kupita kiasi akijua. Yuko aliyeona akanyamaza. Na yuko aliyefanya kusema ukweli kuwe hatari. Kwangu mimi huyu wa tatu ana sehemu kubwa kuliko wote, maana ndiye aliyeziba masikio ya gari zima. Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, Mtume Paulo anataja karibu karibu kuchukuliana mizigo na kila mmoja kubeba furushi lake. Wengine huona mambo hayo yanapingana. Pale chini ya gari niliyaona yamekaa pamoja: kusema alichokiona lilikuwa furushi la kijana, kumpa nafasi ya kusema bila hofu lilikuwa jukumu la wenzake.

Iko tofauti moja kati yetu na chuma, nayo inatupa tumaini na kazi pia. Ufa wa springi hauponi kwa kupumzishwa. Hata gari likae mwaka mzima bila mzigo, ufa uko pale pale. Kuipasha moto na kuikunja upya huirudishia umbo lake, lakini hakuzibi ufa uliokwisha kuingia. Mtu sivyo. Mfupa uliovunjika huunga ukipewa muda, na moyo nao hupata nafuu mzigo ukipunguzwa. Kwa hiyo hatuna udhuru wa kumpakia mtu kana kwamba ni chuma.

Mwenye gari alitaka kununua springi moja, ya kushoto tu. "Ya kulia haijakatika," alisema. Fundi akakataa. Springi mpya ingesimama juu, ile ya zamani ingebaki imelala, na gari lingeinama upande wa pili. Tena ile isiyokatika ilipita mashimo yale yale, miaka ile ile. Neno hilo limenikaa moyoni. Nyumbani mmoja anapovunjika, sote humkimbilia, na ni vema. Ila nani anamuuliza yule aliyenyamaza? Binti mkubwa anayepika, anayechota maji na kuwalaza wadogo tangu mama augue. Baba anayetania kila mtu. Hao ndio bapa zilizochukua mzigo wa iliyokatika.

Mwishowe mwenye gari alinunua springi mbili na yubolti mpya, maana za zamani zilikuwa zimevutika. Kijana alitoa nguvu zake: siku mbili chini ya gari na fundi, bila posho. Walipozifunga, fundi hakukaza bolti za bushi gari likiwa juu. Aliliteremsha kwanza libebe uzito wake, ndipo akakaza, kwa sababu bushi ikikazwa hewani hujipinda gari linaposhuka na kuharibika mapema. Akaagiza gari lirudi baada ya siku chache, yubolti zikazwe tena, kwa kuwa springi mpya hulala mahali pake polepole.

Gari lilirudi kweli. Safari hii kijana ndiye aliyesema, mbele ya bosi wake, kwamba anasikia mlio upande wa kulia. Bosi akainama kusikiliza.

Wiki hii, kabla hujamuuliza mtu wa nyumbani kwako kwa nini amevunjika kwa jambo dogo, muulize amebeba nini tangu lini.