Ramadhani 12: Wahabeshi Msikitini



Jana baada ya Alasiri nilipita uwanjani, chandimu imechangamka. Winga wa kushoto ni kijana wa ng'ambo ya Ruvuma, mmoja wa waliovuka Palma iliposhambuliwa Machi 2021. Alifunga mabao mawili, na saumu pia alikuwa amefunga. Vijana wetu wakambeba juu juu. Magharibi ilipokaribia, kila mtu akashika njia ya kwao. Yeye akabaki amekaa kwenye tofali, anavua viatu. Hakuna aliyemwambia twende nyumbani. Hata mimi nilipita tu, nakiri.

Hofu yetu naijua ilikotoka. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Lakini huyu naye aliwakimbia wauaji. Na ni wangapi hapa wenye bibi aliyevuka mto huohuo wakati wa vita vya Mreno?

Sasa swali: kumshangilia mtu uwanjani, ndiyo kumkubali?

Bi Aisha (r.a.) anatusimulia, imo katika Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki. Wapi? Ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.)! Katika riwaya nyingine, Sayyidna Umar (r.a.) aliinama kuokota kokoto awarushie. Mtume akamwambia awaache. Tena akawahimiza waendelee, akiwaita kwa jina la ukoo wao, Banu Arfida. Akasimama akimsitiri mkewe kwa shuka yake, mpaka Bi Aisha mwenyewe akachoka kutazama.

Angalieni hapo. Wale hawakuwa wanamfungia mtu bao. Walicheza mchezo wa kwao, kwa namna ya kwao, wakapewa nafasi palipo bora Madina nzima. (Msiniulize leo habari za ngoma na mapiko, hiyo ina darsa lake.) Sisi tunautaka mguu wa kushoto wa kijana. Goti likiumia je? Mimi mpaka jana jina lake sikulijua, tulikuwa tunamwita "Msumbiji" tu, na tunavyolitamka si kwa heshima.

Asubuhi nimemtafuta, nimemuuliza jina, nikamwalika. Anakuja na wenzake wawili, mama watoto ameongeza muhogo. Wako wengine wanne hawajaalikwa. Mwenye nafasi kwenye mkeka wake awe uwanjani robo saa kabla ya adhana.

Wabillahi tawfiq.