Mshitakiwa wa Kwanza

Wahenga walisema kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii huwasuta wale wanaowatupia wengine lawama zao. Lakini ipo tabia nyingine, jirani na hiyo, ambayo methali haiigusi: tabia ya kumkamata aliye karibu zaidi na kosa na kumfanya ndiye mkosaji. Je, huo ni uovu, au ni pupa tu ya kibinadamu? Swali hili limenishughulisha kwa muda mrefu, na kilichonisaidia kulifikiri ni mota ya darubini.

Hebu nieleze kwanza kazi ya mota hiyo. Dunia, ukiipima kwa nyota, hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo nyota unayoitazama kwa darubini huwa inatoroka. Ukiikuza sana, haimalizi hata dakika mbili machoni pako. Mota huigeuza darubini taratibu ili kuifuata. Kwenye chombo chenye gia kubwa ya meno 180, skrubu inayoisukuma gia hiyo huzunguka mara moja tu kwa kila dakika 8 hivi. Kompyuta ndiyo inayosimamia kazi hiyo yote, lakini haina macho. Hupeleka umeme kwenye mota, kisha hungoja habari. Habari huletwa na enkoda, yaani kisahani chenye matundu kinachozunguka pamoja na mota; mwanga wa taa ndogo hupenya matunduni, na kila unapopenya huhesabiwa.

Sasa fikiri, msomaji, habari hizo zisipofika. Kompyuta hudhani mota imegoma, nayo huongeza umeme. Mota hukimbia, lakini hesabu bado ni sifuri. Umeme huongezwa tena, hata mwisho kompyuta hukata tamaa na kuandika kuwa mota haijibu. Mtazamaji ataapa kuwa mota imepatwa na wazimu. Kumbe inatii kila amri inayopewa. Kilichokufa ni ushahidi wake.

Niliyaona hayo katika shule moja ya sekondari huko pwani, ambako nilikuwa nikienda jioni kuwaonyesha wanafunzi nyota. Darubini ilianza kukimbia ovyo, na aliyekuwa ameishika mara ya mwisho ni kijana wa kidato cha pili. Asubuhi yake, mbele ya paredi, ilitangazwa kuwa ameivunja mota na kwamba mzazi wake atalipa. Baba yake alikuwa mvuvi. Bei ya mota ilizidi alichokipata kwa miezi kadhaa.

"Mwalimu, tungoje kwanza tuipime," nilisema.

"Tungoje nini tena, mzee wangu? Si yeye ndiye aliyekuwa nayo?"

Kupima kwenyewe si elimu ya ajabu. Kwanza nilipima betri wakati mota inafanya kazi, maana betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, na udhaifu wake hujitokeza ikibebeshwa mzigo. Betri ilikuwa nzima. Kisha nilihakikisha kuwa darubini imesawazishwa, isiielemee mota upande mmoja. Halafu nilifanya jaribio ambalo kila fundi hulijua. Chombo kile kina mihimili miwili, na kila mmoja una mota na waya wa namna ileile. Nilibadilishana nyaya. Mara mota iliyoshitakiwa ikatulia kama maji ya mtungini, na ile ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia, ikaanza kukimbia. Kosa lilikuwa limehama pamoja na waya. Ndani ya plagi yake, hewa ya chumvi ilikuwa imejenga kutu ya kijani juu ya pini zinazopeleka habari za enkoda. Ilisafishwa kwa spiriti na mswaki wa zamani, na kazi ikaisha.

Kijana aliitwa ofisini akaambiwa kwa sauti ya chini kuwa mambo yamekwisha. Hapo ndipo nilipoona uzito wa swali langu. Shitaka lilitangazwa mbele ya watu mia kadhaa, na kusafishwa jina kukafanyika mbele ya watu watatu. Nilimwomba mwalimu arudie maneno yale palepale kwenye paredi, naye, kwa uungwana, akafanya hivyo Jumatatu iliyofuata. Hata hivyo yule kijana hakuja tena kutazama nyota.

Mtu anaweza kunipinga hivi: mota haina roho, ukiisingizia haiumii, na mwenye shughuli nyingi hana nafasi ya kuchunguza kila jambo. Ni kweli mota haiumii. Lakini mazoea hayachagui. Mkono uliozoea kung'oa kifaa cha kwanza unachokiona ndio utakaomnyooshea kidole mtu wa kwanza utakayemwona. Tena wapo wanaokwenda upande wa pili, wakisema kuwa hakuna mwenye hatia kamwe, kila kosa ni la mazingira. Nao wamepotea. Mota huungua kweli, na harufu yake huijua kila fundi. Kama kosa lingebaki palepale baada ya nyaya kubadilishwa, ningeihukumu ile mota bila huruma. Haki haidai kwamba mshitakiwa asiwe na hatia. Inadai apewe jaribio ambalo angeweza kulishinda.

Wala hukumu ya leo haifungi ya kesho. Mwezi Oktoba 2018, jairoskopu moja ya darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, ilitoa vipimo vikubwa mno kupita ukweli baada ya kuwashwa kutoka kwenye akiba. Mafundi hawakuitupa. Waliigeuzageuza darubini na kuibadilisha jairoskopu hali zake za kufanya kazi, na kabla mwezi haujaisha Hubble ikarudi kazini. Jairoskopu hiyohiyo ilianza kudanganya tena baadaye, na mwezi Juni 2024 ilitangazwa kuwa Hubble itafanya kazi kwa jairoskopu moja, hiyo ikiwekwa kando. Sioni aibu yoyote hapo. Ilisamehewa kwa ushahidi, ikawekwa kando kwa ushahidi.

Basi jibu langu ni kwamba pupa huwa uovu pale ambapo kipimo kipo na ni rahisi, nasi tukakataa kukitumia. Gharama ya kubadilishana nyaya ni dakika kumi. Anayeshindwa kuzitoa, huku jina la mtu li mashakani, hana haki ya kusema kuwa alikuwa na haraka.