MKONO MMOJA KATIKA VIUMBE

Jueni ya kuwa mkono wa kuume na wa kushoto ni sawa kwa vidole na kwa umbo, walakini huu hauwi ule. Uweke wa kuume mbele ya kioo, nawe utaona wa kushoto. Molekuli nyingi nazo zi hivyo, na pua zetu zayajua hayo tangu zamani: kitu kitiacho nanaa harufu yake, na kitiacho kisibiti harufu yake, ni kimoja, chaitwa kavoni, wametengana kwa mkono tu.

Aliyelifunua jambo hili ni Mfaransa Louis Pasteur, mwaka 1848, naye kijana wa miaka 25. Alitazama chumvi ya asidi ipatikanayo katika kazi ya mvinyo (mvinyo hatuna haja nao, lakini elimu hutwaliwa popote ilipo), akaona fuwele za namna mbili, kila moja sura ya kioo ya mwenziwe. Akazichagua moja moja; akaziyeyusha mbali mbali; hizi zikauzungusha mwangaza uliochujwa kuume, zile kushoto.

Sasa tazameni ajabu. Ukitengeneza asidi amino chupani bila ya kuzielekeza, wapata nusu kwa nusu. Bali protini za papa, za mnazi na za mwanadamu hujengwa kwa za kushoto, isipokuwa glisini, isiyo na mkono. Na sukari ya DNA, ule uzi wa urithi, ni ya kuume. Kwa nini hazichanganywi? Protini hujikunja kwa umbo maalumu, na ukitia mikono miwili ovyo haikunjiki sawasawa, kama parafujo ya kushoto katika nati ya kuume. Lakini kwa nini ukachaguliwa upande huu, si ule? Hapo maulama wa elimu hiyo wangali wakishindana. Katika kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, baadhi ya asidi amino za kushoto zilizidi. Wakasema wengine, upande ulianzia angani. Kisha likaletwa vumbi la jiwe la angani Bennu, mwaka 2023. Habari zake zilipotoka mwaka 2025, mikono ilikuwa karibu sawa kwa sawa.

Wako watakaosema: hawajui, basi hiyo ndiyo dalili ya Mungu. Mimi silipendi neno hilo. Aifungaye imani yake kwenye ujinga wa watu, siku ujinga utakapoondoka atafanyaje? Mola ni Mola wa yajulikanayo na yasiyojulikana, na mwenye kuuliza sababu hakumvunjia heshima.

La kuchelea ni jingine. Mwezi wa Desemba 2024 wataalamu 38 walionya kwamba asiundwe kijidudu cha mkono wa kinyume, kwani huenda askari wa miili yetu wasimtambue, wala walao vijidudu wasimle. Na miongoni mwao wamo walioianza kazi hiyo, wakaiacha.