Sote Tumetia Saini

Enyi mnaopanga ndoo foleni kabla ya alfajiri, mnaoilaani mamlaka ya maji kila bomba linapokoroma bila kutoa tone, ni nani kati yenu asiyejua vifaa vya maji vinakopotelea? Msiseme hamjui. Mnalijua duka linalouza mita zisizo na risiti. Mnamjua fundi anayekwambia kwamba umelipia maunganisho, sawa, lakini stoo ya ofisi haina kitu. Ila yupo mtu anavyo, na bei yake si mbaya. Namba ya mtu huyo mnayo. Mnampigia usiku, mnapokea mzigo gizani, mnamshukuru Mungu kwa kuwafungulia njia, kisha asubuhi mnakaa kijiweni kulalamika kwamba nchi hii imejaa wezi.

Nchi hii ni sisi.

Ingieni stooni mkaone. Kwenye kila rafu inaning'inia kadi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kadi ya mabomba inasema limebaki roli moja la plastiki nyeusi, mita 150. Roli lipo kweli, na ukilitazama kutoka mlangoni limeshiba. Likunjueni mlipime: mizunguko ya nje ndiyo mizima, ya ndani imekwisha kukatwa na kuondoka. Geukieni geti valvu. Leja inasema zilitoka kwa matengenezo ya dharura. Dharura ya mtaa gani? Bomba gani lilipasuka, na nani alilishuhudia? Hati ya kutolea vifaa ina jina la aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyetoa na aliyepokea. Saini nne zimekamilika, na bomba linalodaiwa kutengenezwa halipo popote.

Mambo yakifichuka, tunamtafuta wa chini kabisa: msaidizi wa stoo, mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliotia saini, anayeshika funguo lakini hashiki uamuzi. Anasimamishwa kazi, sisi tunapumua. Lakini hebu tuwahesabu waliopita mlangoni pake. Mhandisi aliyeomba bomba la mita 300 kwa mtaro wa mita 200. Mkubwa aliyemtuma dereva na kikaratasi kisicho na namba wala muhuri: mpe, nitasaini baadaye. Dereva aliyepunguza dizeli ya pampu kwa dumu. Mgombea aliyetaka bomba liwafikie wajumbe wake kabla ya kura. Mwenye duka anayepokea mzigo bila kuuliza umetoka wapi. Shemeji aliyekuja na taarifa ya msiba akaondoka na koki mbili. Sisi tuliokunywa soda kwenye sherehe iliyolipwa na hizo koki, tukampigia makofi mwenyeji kwa moyo wake wa kutoa.

Hakuiba peke yake.

Na visingizio tunavyo, vimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mshahara hautoshi. Wakubwa wanakula zaidi. Serikali haifilisiki kwa soketi moja. Tunayasema haya mbele ya watoto, mezani, bila kushusha sauti, halafu tunawapeleka madrasa na shule ya Jumapili wakafundishwe amana na amri ya kutoiba. Mtoto atamwamini nani? Mwalimu anayemwambia usiibe, au baba aliyemwona akishusha mabomba ya umma nyuma ya nyumba huku akimkanya asiseme kwa mtu?

Kisha Mungu alipotuletea mtu mwadilifu, tulimtendaje? Yupo msaidizi wa stoo aliyekataa kutoa hata kipande cha bomba bila hati. Tulimwita mnoko. Tulisema ana roho mbaya, anabana, anajifanya ofisi ni ya baba yake. Ndugu walimsusa kwa sababu kazi yake haiwasaidii kitu. Mkubwa aliyerudishiwa kikaratasi chake alimhamishia kituo cha mbali, na sisi tukacheka: amejitakia. Aliyekuja baada yake alikuwa mwepesi wa kutoa, tukamsifu kuwa ni mtu wa watu.

Tulimfukuza mlinzi wetu wenyewe.

Sasa tutazame tulichokila. Mwaka 1971 nchi hii, Tanzania, ilijiwekea mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Mwaka 1991 ulikuja ukapita. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaziandika tena mita 400 zile zile, na lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Fedha zilipungua, watu waliongezeka, mitambo ilichakaa. Hayo ni kweli na yasemwe. Lakini je, si kweli pia kwamba tulikuwa tunakata bomba kwa ndani huku tukihesabu mizunguko ya nje? Mijini, takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa hupotea bila kulipiwa. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Bomba linapopasuka na geti valvu iliyomo kwenye leja haimo kwenye rafu, ndoo hizo humwagika barabarani usiku kucha, na mama wa mtaa wa juu hununua kwa muuza maji wa mkokoteni kwa bei isiyolingana hata kidogo na ya bomba. Klorini inapotoka kwa mlango wa nyuma, maji yanafika nyumbani meupe machoni na machafu tumboni. Mtoto akiharisha tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Msimsingizie Mungu.

Halafu inakaribia Juni 30, siku ya kuhesabu mali. Stoo hii inaazima mita kwa stoo ile. Zinahesabiwa hapa, kesho zinahesabiwa kule. Kilichokosekana kinaandikwa kuwa kimeharibika. Tunaomba hati safi kwa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na tukiipata tunachinja mbuzi. Usafi gani huo, ndugu zangu? Karatasi zimesafishwa, kata nzima haina maji!

Basi na tuseme wazi kinachotakiwa, maana hatukosi maarifa, tunakosa haya. Asiye na hati asipewe, hata akiwa mkubwa kiasi gani. Kikaratasi kirudi kilikotoka. Mita isiyo na risiti isinunuliwe, hata kwa nusu bei, hata kama jirani ameshanunua. Vifaa vikitolewa kwa ajili ya mtaa wetu, serikali ya mtaa iombe kuiona hati na tuhesabu pamoja kilichofukiwa. Na msaidizi wa stoo anayesema hapana, tumsimamie: tumtetee ofisini, tumheshimu ukoo mzima, tukome kumdai fadhila ambazo hana haki ya kuzitoa. Hakuna mkaguzi wala sheria itakayotuokoa na tabia tunayoitetea majumbani mwetu.

Tuache kuiba, au tuache kulia.