Foleni ya Hewa

Roketi mpya zinazotajwa kupeleka watu Mars, Starship ya SpaceX ikiwemo, hazibebi mafuta ya ajabu. Zinabeba methani, gesi ileile inayotoka kwenye samadi ya ng'ombe ikioza bila hewa, na oksijeni, ileile unayovuta sasa hivi. Tofauti ni ubaridi tu: oksijeni hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, methani kwenye 161 hivi. Wahandisi wanaipenda methani kwa sababu haijazi injini masizi kama mafuta ya taa, na kwa sababu Mars kuna kaboni dioksaidi na barafu, vitu viwili vya kuitengenezea hukohuko. Mwaka 2023, Zhuque-2 ya China ikawa roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye mzingo wa dunia.

Hapa Kikoneni ukieleza hayo barazani, swali halikawii. Mzee mmoja aliniuliza: "Sasa mwanangu, hewa wanaichoma tani kwa tani, na huku mtu anakata roho kwa kukosa mtungi mmoja. Hiyo ni haki?"

Jibu la haraka ni kwamba hawajatuibia. Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, haina mwenyewe. Kinachokosekana ni mtambo wa kuichuja, stima ya kuuendesha na gari la kufikisha mitungi. Roketi zilizorushwa kutoka San Marco, kule Malindi, kati ya 1967 na 1988 zilikuwa za fueli ngumu, hazikutumia oksijeni ya kimiminika hata tone. Je, ndiyo vijiji vyetu vilijaa mitungi miaka ile?

Lakini jibu hilo lina tundu. Hewa haiishi, ila mitambo na malori yana foleni. Mwaka 2021, Korona ilipopamba moto, safari ya setilaiti ya Landsat 9 kutoka California iliahirishwa, kwa sababu mahitaji ya oksijeni ya hospitali yaliwabana wasambazaji mpaka naitrojeni ya kurushia roketi ikachelewa. Ikaruka 27 Septemba, na leo inapiga picha mashamba na misitu ya dunia nzima, Shimba Hills ikiwemo. Kungoja siku chache hakukuiharibu.

Kwangu hicho ni kipimo kizuri. Kuota Mars si dhambi. Dhambi ni kuwa foleni moja na mgonjwa halafu umpite.

Ila angalia: mgonjwa yule alipishwa kwa sababu alikuwa ndani ya foleni. Hospitali yake ilikuwa na tangi, na msambazaji alijua pa kupeleka. Mgonjwa wa kijijini hayumo. Hakuna anayemruka, na hakuna anayempisha. Ndiyo maana dhuluma yake haina mtuhumiwa, na sisi tunaishia kuilaumu roketi, maana angalau ile inaonekana.

Kwa hivyo swali la haki lipo, ila anwani ni nyingine. Tusiulize nani katuchukulia hewa. Tuulize ni nani alipaswa kutuandikisha kwenye foleni, na huyo hakai Texas. Anapanga bajeti hapahapa, na kura tulimpa sisi.