Hongo ya Mwonja Asali

Safari za binadamu zina makusudi mengi. Mtu husafiri kwa biashara, kwa elimu, kwa ibada, kwa kutafuta tiba, au kwa kukimbia vita. Lipo kusudi jingine ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jepesi kuliko hayo yote, nalo ni kusafiri ili kuonja. Katika jimbo la Champagne, nchini Ufaransa, wageni hufika kutoka pembe zote za dunia kuonja divai itoayo povu mahali pale pale inapotengenezwa. Huanza kupanga miezi mingi kabla: ghala gani litembelewe asubuhi, lipi jioni, wapi walale, na fedha kiasi gani ziwekwe akiba. Jambo hilo halina lawama. Ulimi ni kiungo cha mwili kama lilivyo jicho, na mwenye ruhusa ya kwenda mbali kutazama mlima ana ruhusa vile vile ya kwenda mbali kuonja kinywaji.

Lakini ruhusa hiyo huzaa swali inapohamishiwa Tabora. Tabora ina utamu wake unaostahili safari, yaani asali ya misitu ya miyombo; na ina kinywaji chake chenye povu, yaani wanzuki. Mpenda kuonja anaweza kupanga likizo nzuri: aanzie Bagamoyo, apite Dodoma penye mashamba ya zabibu na divai, afike Tabora mjini, kisha aishie Sikonge penye mizinga. Akifanya hivyo atakuwa amefuata, karibu hatua kwa hatua, njia ya zamani ya misafara. Ni njia iliyopitishwa pembe za ndovu juu ya mabega ya wapagazi, na ikapitishwa pia watu waliofungwa minyororo shingoni. Je, ni haki mtu kupanga starehe juu ya njia kama hiyo? Na ikiwa ni haki, ni kwa sharti gani?

Kwanza na ujulikane utamu wenyewe. Mzinga wa jadi wa Unyamwezi ni gogo lililotobolewa au gome la mti lililokunjwa, likatundikwa juu mtini. Mrina asali huiacha nyumba yake, akapiga kambi msituni kwa majuma, akapanda mti jioni au usiku na mwenge wa moshi mkononi. Asali anayoteremka nayo huwa imelipiwa kwa miiba, kwa miiba ya nyuki na ya njia, na kwa hatari ya kuanguka. Zamani aliibeba kichwani. Siku hizi aghalabu huifunga juu ya baiskeli. Wapo pia nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao ni chache na huwekwa kama dawa. Kazi hii imekuwa biashara kwa muda mrefu: nta ya nchi hii ilipelekwa ng'ambo tangu wakati wa utawala wa Wadachi, na mwaka 1962 wafuga nyuki wa Tabora waliunda ushirika wao.

Wanzuki ni mtoto wa asali hiyo. Asali huchanganywa na maji, ikatiwa chachu, ikawekwa mahali penye joto, nayo huanza kuchemka pasipo moto. Chachu hula sukari na kutoa vitu viwili, kileo na hewa. Na hewa hiyo ndiyo povu. Divai ya Champagne hutofautiana naye kwa hila moja: chachu hufungiwa ndani ya chupa ifanye kazi mara ya pili, na hewa haipati mlango mpaka siku chupa itakapofunguliwa. Wanzuki hana subira hiyo. Hunywewa baada ya siku chache, angali anachemka, na asiponywewa huharibika. Kwa sababu hiyo hawezi kusafirishwa mbali kumfuata mnywaji. Mnywaji hana budi kumfuata yeye.

Sasa na itazamwe njia. Msafara nao ulipangwa, tena kwa hesabu kali kuliko likizo yoyote. Kutoka pwani hadi Unyanyembe, kilipo mji wa Tabora, ni zaidi ya kilomita 800, na mwendo wake ulichukua miezi. Mwenye msafara alihesabu merikani, kaniki, shanga na nyuzi za shaba. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila 2, yaani ratili 70, na posho yake ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kirangozi alitangulia na bendera. Kwa mpango wa namna hiyo Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857, na Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, katika tembe ambalo sasa ni makumbusho. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliipitisha Unyanyembe maiti ya Livingstone wakienda nayo pwani. Safari ambayo hakuna aliyewapangia, nao waliipanga wenyewe.

Katika hesabu zote hizo palikuwa na fungu moja lenye mafunzo kuliko mengine, nalo ni hongo. Katika nchi ya Ugogo, ambako maji ni adimu, msafara haukupita bila kumlipa mtemi. Siku hizi neno hongo limechafuka, limekuwa jina la rushwa. Katika asili yake lilikuwa jina la haki: mwenyeji alimwambia mpitaji kwamba visima hivi vina wachimbaji, na nchi hii ina wenyewe. Wasafiri waliinung'unikia wakaiita unyang'anyi, na yamkini wapo watemi waliozidisha. Lakini uzidishaji wa haki hauifanyi haki kuwa batili. Neno hili la zamani linaweza kusaidia kulijibu swali la sasa, maana mwonjaji wa leo ni mpitaji pia, na swali lililobaki ni hongo gani anayodaiwa.

Zipo ratiba mbili ambazo mtu anaweza kuziandika, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni ratiba ya utamu mtupu. Mwenye ratiba hii hutoka ghala hadi mzinga, mzinga hadi kibuyu. Na miembe mikongwe ya njiani huwa kwake kivuli cha kupigia picha. Kasoro yake haiko katika furaha yake. Iko katika kuchagua kwake kutojua. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Umbali huo ni wa babu na kitukuu, si wa hadithi za majini. Mtu akipita mahali ambapo mwenzake aliteseka, bila kujua, amepotewa na elimu. Akipita huku amekataa kujua ili ulimi wake usiingie uchungu, amepotewa na utu.

Ratiba ya pili ni ya machozi matupu. Mwenye ratiba hii huona aibu kuonja chochote. Kila mwembe kwake ni kaburi, na kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Huyu anaonekana mwema kuliko wa kwanza, na kwa hiyo kosa lake ni gumu kuliona. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walijadiliana juu ya malipo, waligoma walipodhulumiwa, na kwa kijana wa wakati ule kufika pwani na kurudi kulikuwa sehemu ya kuhesabiwa mwanamume. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya jasho lao mara ya pili, na ni kuwapunguzia watumwa wa kweli ukubwa wa msiba wao, kwa kuuchanganya na taabu ya mwenye ujira. Huruma isiyopambanua haimtendei haki yeyote. Tena machozi matupu yana ubaya mwingine: huwageuza wafu kuwa maonyesho, na walio hai huachwa na asali yao bila mnunuzi.

Hapa mtu anaweza kuleta hoja yenye nguvu. Atasema kwamba mrina asali wa Sikonge hahitaji mgeni anayejua tarehe. Anahitaji mgeni mwenye fedha. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, na hawakusema apone kwa historia. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake, na nusu hiyo haina budi kukubaliwa: mwonjaji asiyenunua, au anayenunua kwa bei ya kumkomoa mwenye shida, ni mwizi mwenye adabu. Hongo ya kwanza, basi, ni bei ya haki.

Hata hivyo bei ya haki haipatikani bila ujuzi. Asiyejua asali imetoka wapi hawezi kujua thamani yake. Ataona bei ya sokoni na kudhani ni bei ya asili. Champagne yenyewe ni shahidi. Mwaka 1911 wakulima wa zabibu wa huko waliasi, wakavunja na kuchoma nyumba za wafanyabiashara katika mji wa Aÿ, kwa sababu zabibu za mbali zilizokuwa rahisi zilichanganywa katika divai na kuuzwa kwa jina la jimbo lao. Miaka michache baadaye, katika vita vya 1914 hadi 1918, watu wa Reims walijificha katika maghala yale yale ya divai, na watoto wakasomeshwa chini ya ardhi huku mizinga ya vita ikiubomoa mji juu yao. Mgeni anayeshuka katika maghala hayo akisimuliwa habari hizo haoni kwamba divai yake imechacha. Huonja kwa kituo zaidi, kwa kuwa sasa anajua yuko mahali gani. Jambo linalowezekana Reims linawezekana Kwihara. Milima, nyumba na maghala ya Champagne yaliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015; Tanzania nayo iliiandikisha njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali mwaka 2006. Karatasi zimekwisha kukiri kwamba njia hii ina neno la kusema. Kilichobaki ni msafiri wa kusikiliza.

Ujuzi huo haukomi kwenye mambo yaliyopita. Msitu wa leo una mashaka yake. Tabora ni nchi ya tumbaku, na tumbaku yake hukaushwa kwa moto wa kuni; kila bani lina miti yake, na kila mti una maua ambayo nyuki hatayaona tena. Mrina asali naye hana mikono safi kabisa, kwani mti uliobanduliwa gome ili kutengeneza mzinga hufa. Mwaka 2019 pori la Ugalla lilipandishwa cheo, sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Hifadhi ya taifa kwa kawaida ni mahali pa kutazama, si pa kuvuna. Wanyama na miti wamepata ulinzi, na hilo ni jema. Lakini mwenye kupanga likizo angepaswa kutua hapo na kufikiri: mgeni wa siku mbili anaweza kuingia kwa tiketi mahali ambapo mzinga hauna nafasi. Mwenye kuonja asali asipojua jambo hilo ataonja bila kutambua kwamba anakula sehemu ya shauri ambalo halijakwisha.

Pana pia adabu ya kuonja yenyewe. Kuonja si kushiba. Mwonjaji huchukua kidogo ili apate hukumu, na hukumu hiyo huwa deni la ulimi kwa mtengenezaji: hana budi kusema kweli kama kitu ni kizuri au kibaya. Methali husema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, nayo ni onyo kwa mgeni wa wanzuki, ambaye utamu wake huficha nguvu zake. Tena Tabora ni mji wenye Waislamu wengi. Kileo kwao ni haramu, ilhali asali ina heshima kubwa, kwani Qur'ani ina sura yenye jina la nyuki inayotaja tiba iliyo katika asali. Mgeni mwenye adabu hatamsukumia mwenyeji kibuyu kama dalili ya urafiki. Meza ya asali inaweza kuwakusanya wote. Meza ya wanzuki ina wake.

Jibu la swali, basi, ni kwamba starehe juu ya njia ya misafara ni halali kwa anayelipa hongo. Hongo hiyo ni mbili: kumlipa mwenyeji bei inayolingana na kazi yake, na kuijua njia ambayo utamu ulipitia kabla ya kufika ulimini. Moja bila ya nyingine ni nusu ya deni. Mwenye kupanga likizo anaweza kulilipa tangu siku anaposhika kalamu. Na aiweke Bagamoyo mwanzoni, walikoishia watumwa na wapagazi, kila mmoja kwa fungu lake. Na aweke siku ya Kwihara kabla ya siku ya Sikonge. Na aweke nafasi ya kwenda msituni na mrina asali, hata kama ni kwa nusu ya usiku, aone mti unavyopandwa. Kikombe na kije mwisho.

Kila mtoto wa Kiswahili huijua methali isemayo fuata nyuki ule asali. Watu huitumia kumhimiza mtu aandamane na wenye faida, nao hulikimbilia neno la mwisho. Lakini methali imeanza na amri ya kufuata, na nyuki hafuatwi kwa macho yaliyofumbwa. Aliyemfuata hadi mtini, akaijua njia na wenyewe, ndiye aliyeambiwa ale.