Mgonjwa Akiwa Mume, Mgonjwa Akiwa Mke

Wapendwa wanandoa, siku ya arusi yenu mliahidiana uaminifu katika afya na katika magonjwa. Ahadi hiyo mliitamka wote wawili. Basi, mbona baba akipata ugonjwa usiopona ng'ombe huuzwa, lakini mama akiugua vivyo hivyo huambiwa avumilie, au hurudishwa kwao akauguzwe huko?

Wengine husingizia imani: ati mateso hutakasa, na dawa kali ya maumivu ni dhambi. Sivyo. Mwaka 1957 Papa Pio XII alifundisha kuwa, pasipo njia nyingine, ni halali kumtuliza mgonjwa kwa dawa hata ikiweza kufupisha maisha yake, maadamu nia si kumwua. Tena mofini ya kunywa si dawa ya matajiri tu. Nairobi Hospice imewahudumia wagonjwa kama hao tangu 1990. Ulizeni pia hospitali iliyo karibu nanyi.

Ketini sasa mkiwa wazima, mwulizane: "Nikilala kitandani, nitatunzwa kama nitakavyokutunza wewe?" Fedha chache zifuate maumivu, zisifuate cheo nyumbani. Naye padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, awe ni baba au mama. Kristo huugua ndani ya wote wawili.